Msiba Tunaupata kwa Saa Moja, Mapato kwa Mwaka

 

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Mtu akifariki alfajiri katika kijiji chochote cha Ihangiro au Kyamutwara, huku kwetu Kagera, jua halijafika utosini kijiji kizima kimeshajua. Yowe linatoka nyumba yenye msiba, jirani wa kwanza analiitikia, wa pili analipokea kule bondeni. Kijana anarukia pikipiki kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti anampigia simu katibu wa chama cha kuzikana, katibu anatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni anamolihifadhi lisilowe (mvua ya Bukoba tunaijua wenyewe), na kazi inagawanywa hapo hapo: nani wanachimba kaburi, nani wanaleta kuni, nani wanateka maji, nani wanakata ndizi, turubai na masufuria vitabebwa na nani. Majembe yanalazwa chini. Ukionekana unalima na jirani hajazikwa, utaulizwa habari hiyo mpaka na wewe uwe marehemu.

Sasa, msikilizaji, kijiji hicho hicho, watu hao hao, waulize swali jepesi: miezi mitatu iliyopita serikali ya kijiji chenu ilikusanya shilingi ngapi, na imezitumiaje? Wengine watacheka. Wengine watakutazama wakijiuliza umetumwa na nani. Mmoja atasema, "Hayo kamuulize mtendaji." Na mtendaji, ukibahatika kumkuta ofisini, atakwambia taarifa iko wilayani.

Hilo ndilo ninalotaka tuliongee. Habari ya msiba inatembea kwa saa moja, habari ya fedha inatembea kwa mwaka, na miguu inayozibeba ni ile ile.

Wapo waliokaa na kalamu na karatasi wakachunguza jinsi kijiji chetu kinavyosaidiana. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt, ambaye baadaye alifanya kazi ya utafiti hapa Bukoba kwa miaka mingi, alizunguka kijiji cha Nyakatoke, wilaya ya Bukoba. Kilikuwa na kaya 119. Watu wazima wote waliulizwa swali ambalo mzee yeyote angeweza kulitunga: ukipatwa na shida unamtegemea nani, na nani akipatwa na shida anakutegemea wewe? Majibu yakachorwa, mstari kutoka nyumba hii kwenda ile, mpaka kijiji kizima kikaonekana kwenye karatasi. Mchoro huo ulikwenda mbali. Wachumi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanautumia mpaka leo kwenye mahesabu yao. Profesa wa huko anaifahamu Nyakatoke, na mtu wa Kashai hapa mjini ukimuuliza iko upande gani anakuna kichwa.

Waliyoyakuta hayatamshangaza mtu wa kwetu. Mistari ilifuata undugu, ukoo, ujirani na dini. Lakini lipo moja ambalo kijijini huwa hatulisemi kwa sauti: nyumba maskini zilikuwa na mistari michache kuliko nyumba zenye uwezo. Yule mwenye shida zaidi ndiye mwenye watu wachache wa kumkimbilia. Nami naongeza langu: ndiye pia anayechelewa kusikia. Habari na msaada hupita njia moja. Mjane anayeishi pembeni, karibu na rweya, ile nyika ya majani, ambaye watoto wake wamekufa au wamehama, hana wa kumpitia asubuhi akamwambia kwamba kesho kuna mkutano, au kwamba mbolea ya ruzuku inaandikishwa, au kwamba daktari wa macho anakuja zahanati. Anasikia siku ya tatu yake, jambo limekwisha.

Kwenye msiba, hata yeye anafikiwa. Ni kwa sababu chama cha kuzikana hakiendeshwi kwa huruma peke yake. Watafiti waliolinganisha vyama vya huku kwetu na vya Ethiopia walikuta mambo yanayofanana kwa kiasi cha kushangaza: orodha ya wanachama, kanuni zilizoandikwa, kiasi maalumu anacholipwa mfiwa, na faini kwa anayekosa kufika bila sababu. Sisi tunajua uzito wa faini hiyo. Unaweza kuchelewa ibada na Mungu akakusamehe. Ukikosa kuchimba kaburi zamu yako ikifika, kamati inakuja nyumbani.

Ukali huo una historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi habari ile ilivyoingia vijijini kwa mlango wa nyuma. Haikuja na mganga mkuu wala na redio. Ilikuja na minong'ono, na ugonjwa ukapewa jina la Juliana, jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kikiuzwa mpakani wakati huo wa magendo. Watu wakasema wanaovaa ndio wanaokondeana. Wengine wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Hospitali ilipoanza kusema wazi, minong'ono ilikuwa imeshazeeka na kuota mvi. Misiba ikafuatana, kijiji kimoja kikizika leo na keshokutwa. Desturi ya kulala msibani siku nyingi ikabidi ipunguzwe, maana isingepunguzwa hakuna ambaye angepalilia kahawa. Ndipo kanuni za vyama zikakazwa: kila mtu atoe, kila mtu afike, kila kitu kiandikwe.

Nataka msikilizaji uliangalie hilo daftari kwa makini, maana humo ndimo mazungumzo yangu yote yalimolala. Baada ya kuzika, watu wakiwa bado wamekaa kwenye majani yaliyotandikwa chini na kwenye mabenchi, mtu mmoja anasimama na kusoma. Anasoma jina na kiasi. Fulani, shilingi elfu mbili. Fulani, elfu tano. Kikundi cha akina mama, kiasi kadhaa na mikungu kadhaa ya ndizi. Wana wa kijiji walioko Dar es Salaam, laki kadhaa, zimetumwa kwa simu. Kisha anasoma matumizi: sanduku, saruji, mchele, sukari, nauli ya gari lililobeba maiti. Kisha anasoma kilichobaki na kumkabidhi mfiwa mbele ya macho ya watu wote. Kama kuna shilingi mia tano haionekani, sauti itatoka nyuma kabisa, karibu na mgomba wa mwisho: "Katibu, rudia hapo kwenye sukari."

Huko kunaitwaje, waitu, kama si kusoma mapato na matumizi? Tunalifanya jambo hilo karibu kila wiki, linafanywa na watu ambao wengine waliishia darasa la saba, bila kompyuta, bila semina, bila posho ya kikao. Kwa hiyo anayesema wananchi wa kijijini hawana uelewa wa mambo ya fedha ananiudhi. Uelewa upo. Unafanya kazi kwenye majani ya msibani, ukifika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji unavua viatu na kukaa kimya.

Sheria haina kigugumizi hapa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Wajumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Wewe unayenisikiliza, kama una miaka 18, ni mjumbe. Hukuomba, hukupigiwa kura, ni mjumbe. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba yako. Na kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwetu huku, ambako kibanja cha migomba ndicho makaburi ya babu zetu na rweya ndiyo akiba ya wajukuu zetu, kifungu hicho kingepaswa kubandikwa kwenye kila mlango.

Lakini mkutano wenyewe unakuwaje? Tangazo linabandikwa jana yake, kwenye ukuta wa ofisi, ambao anayeupita ni mtendaji mwenyewe na mbuzi. Saa ya mkutano inaandikwa saa nne, viongozi wanafika saa saba. Waliokuja mapema wamesharudi kukata majani ya ng'ombe. Waliobaki ni wazee wasio na haraka na vijana waliokuwa wanacheza bao jirani. Kisha yanasikika maongezi ambayo nina hakika hata wewe umewahi kuyasikia:

"Mwenyekiti, mwanangu, ule mchango wa choo cha shule tuliotoa, umefikia wapi?"

"Tata, suala hilo liko kwenye mchakato."

"Tangu kahawa ya mwaka juzi?"

"Tata, tusirudi nyuma. Tuna agenda kumi na moja."

Watu wanacheka, mzee anakaa, na agenda ya mapato na matumizi inawekwa kwenye "mengineyo", saa ambayo mvua imeshaanza kunyesha.

Nisimwonee mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti hana mshahara. Anaamshwa usiku kwa ugomvi wa mume na mke, anatakiwa wilayani kwa nauli yake, anagombanishwa na ndugu zake kwa mpaka wa migomba mitatu. Wengi wao ni watu waaminifu. Mtendaji naye ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, bosi wake yuko wilayani, na ni binadamu: anamwogopa anayemlipa kuliko asiyemlipa. Halafu sisi wenyewe. Kwenye msiba tunauliza kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake itafika, na hataki chama kife kabla yake. Fedha ya kijiji tunaiona ni ya serikali, na ya serikali haina mwenyewe. Na anayeuliza sana anapewa jina. Mpinzani. Mchochezi. Nshomile, yaani msomi anayejidai. Hili la mwisho tumelizoea, lakini hata nshomile huchoka kuitwa mchochezi.

Gharama ya ukimya huo ni kubwa. Natoa mifano miwili ambayo sote tuliishuhudia.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, ardhi ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa takribani 5.9 liliua watu wasiopungua 17 mkoani mwetu na kubomoa nyumba kwa maelfu, hasa Missenyi na Bukoba. Ihungo na Nyakato, shule ambazo zilitoa viongozi wa nchi hii, zilifungwa. Nchi nzima ikachanga. Mabalozi wakachanga, wafanyabiashara wakachanga, watoto wa shule wakachanga. Kule vijijini mtu aliyelala chini ya turubai alisikia kwenye redio kila jioni kwamba fulani ametoa milioni kadhaa, akahesabu mabati kichwani mwake. Januari 2017 Rais Magufuli alipokuja Bukoba akasema wazi: serikali haikuleta tetemeko, fedha zinakwenda kwenye miundombinu ya umma, na kila mtu ajenge nyumba yake. Ihungo ikajengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na ni shule ya kupendeza leo.

Mtu anaweza kuutetea uamuzi ule. Barabara, shule na zahanati ni za wote. Kilichouma ni kwamba mwenye turubai alijua mapato kwa miezi minne, jina kwa jina, na matumizi akayasikia mwishoni, yakiwa yameshaamuliwa. Msibani hakuna katibu anayeweza kufanya hivyo akabaki na ukatibu wake.

Mfano wa pili ni wa Machi 2023. Katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu walianza kuugua homa, kutapika na kutokwa damu, wakafa mmoja baada ya mwingine. Machi 16 Wizara ya Afya ikatangaza kuna ugonjwa usiojulikana. Machi 21 Waziri Ummy Mwalimu akatangaza kuwa vipimo vimethibitisha ni Marburg, mara ya kwanza kuonekana Tanzania. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, walikuwa wameugua watu tisa, sita wakafariki.

Katika siku zile za mwanzo kijiji kilikuwa kimeshatoa majibu yake. Wapo waliosema ni sumu, wapo waliosema ni laana ya familia moja. Na desturi yetu nzuri ya kukimbilia msiba, kuosha maiti, kukumbatia wafiwa, ndiyo njia hasa ambayo ugonjwa wa namna ile unaipenda. Kwa hiyo mtaalamu wa afya alikuwa na kazi ngumu mno: kuwaambia watu wa Bukoba wasifike msibani. Alifanikiwaje? Walipewa kazi wahudumu wa afya wa jamii, viongozi wa dini, wenyeviti wa vitongoji, redio za hapa hapa. Yaani ilipobidi kweli, serikali iliipitisha habari kwenye mistari ile ile ya Nyakatoke, na habari ikafika. Watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa wakafuatiliwa nyumba kwa nyumba, kila siku, mpaka siku zao 21 zikaisha. Sisemi jambo jepesi, nasema jambo linalowezekana, maana tumeliona.

Halafu kuna habari ambazo kijiji kinazificha chenyewe. Mnyauko wa migomba uliingia Muleba miaka ya 2005 na 2006, ukasambaa wilaya hadi wilaya. Dalili zake kila mwenye kibanja anazijua sasa: ua la chini linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukilikata tunda ndani lina rangi ya kahawia, na ukikata shina linatoa uji wa njano. Dawa ya kupulizia hakuna. Kinachosaidia ni kung'oa mgomba mgonjwa, kukata ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ni maarifa ya bure kabisa. Lakini mwenye kibanja aliona aibu. Kibanja kinyaukacho ni kama binti aliyerudi nyumbani usiku. Hutaki jirani ajue. Akanyamaza, akaendelea kutumia panga lile lile, jirani akamwazima hilo panga. Vijiji vilivyopata nafuu ni vile ambavyo mkutano mkuu uliweka sheria ndogo, mgomba mgonjwa ung'olewe mbele ya kamati, mwenye kukaidi alipe faini. Hapo tena faini, na hapo tena jambo likisemwa hadharani.

Kahawa nisiiguse sana, ina kipindi chake. Niseme moja tu. Butura, ile ya kuuza kahawa ingali maua kwa mlanguzi mwenye fedha za haraka, ilinawiri kwa sababu mbili: shida ya ada za watoto, na giza la bei. Tangu minada ianze kuendeshwa mbele ya wakulima kwenye vyama vya msingi, bei inasomwa, na mkulima wa Kamachumu anaijua siku hiyo hiyo. Shida ya ada haijaisha. Giza limepungua, na mlanguzi analalamika. Akilalamika mlanguzi, mimi nafurahi.

Naona kwenye simu yangu wasikilizaji walioko mbali wameanza kuniandikia kwamba mbona siku hizi kuna makundi ya WhatsApp, kila kijiji kina lake. Ni kweli. Zamani aliyefiwa alikwenda posta kutuma tangazo Radio Tanzania Dar es Salaam, na sisi tukikaa kimya saa ya matangazo ya vifo, tukisikiliza orodha ya ndugu, wa Kemondo, wa Mwanza, wa Tanga, popote walipo wapate habari hizi. Leo mwana wa kijiji aliye Dar es Salaam, takribani kilomita 1,400 kutoka hapa, anajua msiba wa nyumbani kabla ya jirani aliye ng'ambo ya kijito. Wana wa mbali wana nguvu. Utafiti mkubwa ulioanza mkoani Kagera mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900, ukawafuata watu wale wale mwaka 2004 na tena 2010 popote walipohamia, ulionyesha kwamba waliotoka kijijini kwao walipiga hatua ya kiuchumi kubwa kuliko ndugu zao wa nyumba moja waliobaki. Kwa hiyo ni haki wachangie, na wanachangia. Desemba wanarudi, magari yanajaa barabara ya Muhutwe, senene zinakaangwa, pombe ya lubisi inapita.

Lakini kundi la simu lina mlango. Anayeingia ni mwenye simu janja na bando. Yule mjane wa pembeni ya rweya hayumo. Na nimeona jambo jingine linaanza: uamuzi wa kijiji unafanyika kwenye simu, kwa watu ambao hawalali kijijini, halafu mkutano mkuu unaambiwa. Wana wa mbali wanapendekeza zahanati ihamie barabarani ili gari lifike, bibi atembee. Nawaheshimu sana wana wa mbali, na wanajua, lakini mjumbe wa mkutano mkuu kwa sheria ni mkazi. Wao watoe fedha, watoe ushauri, kisha wasubiri kijiji kiamue.

Na mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ndio unaoonyesha hayo yote kwa siku moja. Majina ya kaya maskini yanapendekezwa na kuthibitishwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji. Mpango mzuri, umetungwa na watu wenye akili. Lakini jina linatajwa na mtu. Ukiwa huna wa kukutaja, na hukusikia kuwa kuna mkutano, orodha inapita. Baada ya miezi tunaona nyumba yenye bati jipya inapokea, na nyumba ya nyasi haipokei, tunasema serikali ina upendeleo. Wakati mwingine ndiyo. Wakati mwingine ni sisi tulioketi pale, tukamsahau jirani ambaye hatumsahau tukitafuta mtu wa kuteka maji msibani.

Basi, nina pendekezo, na naliweka mezani mlipige msasa. Vyama vya kuzikana tayari vina orodha ya kila nyumba, vina makatibu wanaoaminika, vina utaratibu wa kupitisha habari mlango kwa mlango. Mwenyekiti wa kijiji akitaka mkutano, asibandike karatasi ukutani akaenda kulala. Awape makatibu hao ujumbe wiki moja kabla, upite kama unavyopita msiba, mpaka nyumba ya mwisho. Katibu mmojawapo, yule hodari wa kusoma sukari na saruji, akae mbele na mtendaji siku ya mkutano, asome kwa sauti ile ile. Mapato kwanza, agenda ya pili tu baada ya kufungua kikao, kabla ya mvua na kabla ya "mengineyo". Wasomewe tozo ya gulio, ushuru wa mchanga, faini, michango ya shule, ada za mihuri. Ndiyo, na mihuri.

Itagharimu nini? Daftari moja na pikipiki mbili tatu. Wapo watakaosema vyama vya msiba visichanganywe na siasa. Nami naungana nao kwenye siasa. Lakini kusoma hesabu ya choo cha shule hakuna chama, hakuna kadi, na hakuna rangi.

Viongozi wa vijiji na vitongoji tulionao tuliwachagua Novemba 27, 2024. Wana muda hadi mwaka 2029, na katika muda huo kila kijiji kinadaiwa mikutano ishirini. Hesabu ni ile ile ya darasa la pili: minne kwa mwaka, mara miaka mitano. Jiulize kijiji chenu kimekwisha kufanya mingapi. Kama mkutano ujao upo, nenda na kalamu, na mpitie jirani asiye na simu. Hesabu ikisomwa, iandike. Isiposomwa, simama kwa adabu uombe jambo moja tu: iandikwe kwenye muhtasari kwamba haikusomwa, na tarehe. Muhtasari huo huenda wilayani, na huko huwa wanausoma.